Hatua za Baba, Tipa Kumi na Saba

Kituo cha Mizani, 4 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, huna sindano kidoleni wala mteja mlangoni anayedai suruali ya wiki iliyopita. Mimi niko salama ukitoa mgongo, na mgongo wangu ni wa zamani mno kuwa habari. Msalimie wifi yangu. Mwambie ile sufuria aliyoniazima ipo, ila asiniulize ipo katika hali gani. Msalimie na Baba, ila barua usimsomee.

Ndiyo sababu ya kuandika badala ya kupiga simu. Nikipiga, Baba anaweka sauti ya juu kabisa, halafu mazungumzo yetu yanajadiliwa na mtaa mzima kuanzia kwa kinyozi hadi kwa muuza mkaa. Na huku milimani simu inashika ukiwa juu ya paa tu. Mimi nina kilo ambazo sizitaji, na paa lenyewe ni la bati la serikali. Kwa hiyo nitampa barua dereva yeyote wa basi anayekuja huko, maana wote wanapita mbele yangu na wote wananiogopa.

Sasa jambo lenyewe. Nataka ule uwanja wa mbele ya nyumba uwe na nyasi. Nyasi za kweli, za kijani, mtu anavua viatu anakanyaga. Zile kokoto za Baba alizokuwa akizileta kutoka kazini kidogo kidogo kwenye kapu la chakula, bila kumwuliza mwenye nazo, zimekula visigino vyangu vya kutosha. Najua kuzizoa haiwezekani, zimeshikana na lami mpaka zimekuwa barabara. Basi zifunikwe. Nipigie hesabu ya udongo mzuri wa juu, mweusi, wa kuota kitu, na gharama ya kuusambaza. Inchi sita kwenda chini, yaani sentimita kumi na tano, pungufu ya hapo nyasi zitakufa kwa njaa juu ya mawe.

Na usinunue kwa tani. Watu wa udongo wanaumwagia maji asubuhi uwe mzito, mimi nawaona kila siku. Nunua kwa ujazo. Panda kwenye tipa, pima boksi lake mwenyewe.

Nyasi ziwe zimeshika ifikapo Septemba. Usiniulize kwa nini Septemba.

Dada yako


Nyumbani, 1 Machi

Dada Mizani,

Salamu zako zimefika zikiwa na alama ya chai na harufu ya dizeli. Sote wazima. Wifi yako anasema sufuria ulizaliwa nayo au uliikuta duniani, kwamba lazima uiunguze? Nimeandika alivyosema, mimi simo. Cherehani yangu kubwa ilizira siku tatu, nikaibembeleza kwa mafuta na matusi, ikarudi kazini. Nina sare za shule mia na arobaini za kumaliza kabla muhula haujaanza, na mwalimu mkuu anapita kila siku kuniangalia kama naoza.

Kuhusu udongo, nilikosea kidogo. Nilikuwa naisoma barua yako nikicheka, Baba akauliza nacheka nini, nikasema Dada anataka nyasi. Basi. Hakusubiri neno la pili. Akaenda kuvaa zile buti zake za kazini, zile nyeusi, akatoka kupima.

Unamjua. Msimamizi wa barabara miaka thelathini na mmoja, mita moja ni hatua moja. Nilimwambia nina tepu hapa shingoni. Akaitazama tepu yangu kama mtu anayeonyeshwa meno ya bandia. Alichukua muda wake, akaenda urefu, akapumzika kibarazani, akaenda upana. Akanitangazia niandike: thelathini na moja kwa ishirini na tano.

Kwa hiyo hesabu ni hii. Thelathini na moja mara ishirini na tano, mara hizo inchi zako sita, ni mita za ujazo mia na kumi na sita. Boksi la tipa nimelipima mwenyewe kama ulivyoagiza, nikachana suruali nikiteremka, linabeba saba. Tipa kumi na saba. Mwenye tipa anataka kwa kila moja bei ya suruali tatu pamoja na kitambaa, maana mimi kila kitu nakihesabu kwa suruali, ndiyo lugha ninayoielewa. Suruali hamsini na moja. Watu wanne na matoroli na reki za kusambaza, suruali kumi na mbili. Nyasi zenyewe za kupandikiza, suruali ishirini. Jumla suruali themanini na tatu. Nimewauliza watu wawili, bei ni ya haki.

Wageni gani wanakuja Septemba? Siulizi. Najiuliza kwa sauti tu.

Mdogo wako


Kituo cha Mizani, 19 Machi

Wewe,

Hujambo, wifi hajambo, Baba hajambo, tumemaliza salamu.

Suruali themanini na tatu? Unanishonea jeshi? Mimi kazi yangu ni kuwaambia watu wazima wenye ndevu kwamba wanadanganya. Napima malori mia na hamsini kwa siku. Nimedanganywa na madereva, na matajiri wao, na mara moja na mchungaji mwenye lori la matofali. Sikutegemea kudanganywa na mtu niliyemfundisha kufunga kamba za viatu.

Ule uwanja haujawahi kuwa thelathini na moja. Nilikuwa na miaka kumi na miwili Baba alipoweka nguzo za waya, kabla ya ukuta kujengwa palepale. Nilishika ncha ya waya mikononi mpaka ikanichana, alama ninayo. Kila hatua zake mbili, nguzo. Upande mrefu nguzo kumi na moja. Upande mfupi tisa. Ishirini kwa kumi na sita, na hatua ya Baba haibadiliki. Mhandisi mmoja aliwahi kumpima kwa mnyororo, katika mita mia alikuwa amekosea sentimita mbili, na Baba akasema mnyororo ndio uliokosea.

Sasa niambie huo uwanja umenenepa lini. Au mmehamisha ukuta mkala barabara?

Ukiwa na shida niambie una shida. Nitakupa, nikigombana, lakini nitakupa. Usinipitishie shida yako kwenye udongo. Toa hiyo tepu shingoni, piga magoti, pima, niandikie.

Dada yako, ambaye bado anakupenda ila kwa uzito uliopungua


Nyumbani, 6 Mei

Dada,

Samahani kwa kuchelewa. Sare za shule. Wifi yako anakusalimu. Baba anakusalimu na anauliza kama umeshatuma pesa za udongo, maana ameshaongea na mwenye tipa kuhusu safari kumi na saba na wamepeana mikono.

Sijakuibia hata uzi. Tepu yangu ni ya sentimita mia na hamsini, ni ya viuno, si ya viwanja. Baba amepima na Baba amesema. Kama hutaki kulipa, acha, tutaendelea na kokoto, tumezizoea.

Sina zaidi.

Mdogo wako


Kituo cha Mizani, 24 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini mko salama. Naandika hivyo nikimaanisha, si kama salamu ya kupitia.

Barua yako ilikuwa fupi, na wewe hujawahi kuwa mfupi. Hata ukiomba chumvi unaanza na historia. Nikaikasirikia siku nne. Siku ya tano, saa ya chakula, hakukuwa na lori barabarani, nikageuza fomu ya faini nikaanza kupiga hesabu nyuma yake, nikitafuta umeiba kiasi gani ili nikutukane kwa tarakimu kamili.

Ishirini gawa kwa thelathini na moja. Inakuja pointi sita nne na kitu. Kisha kumi na sita gawa kwa ishirini na tano. Pointi sita nne.

Nikarudia. Nikaitoa simu nikarudia kwa simu. Mwizi hakosei hivyo, mdogo wangu. Mwizi anaongeza hapa tano, pale tisa, anavyojisikia. Hapa pande zote mbili zimekosewa kwa kiasi kilekile. Uwanja haukukua na wewe hukuongeza kitu.

Baba anatembea sentimita sitini na nne kwa hatua.

Tangu lini? Na kwa nini kila nikipiga simu mnaniambia yuko imara kama nguzo? Niandikie kila kitu, na uandike kwa urefu wako wa kawaida.

Na mimi nikuambie yangu, kwa kuwa sasa najisikia mjinga kuificha. Septemba ishirini naolewa. Usianguke kwenye cherehani. Ni dereva wa lori la mbao. Tulikutana alipozidisha kilo mia nne akanibishia nusu saa kwamba ni mvua imelowesha mbao, na siku hiyo jua lilikuwa linapasua mawe. Nikampiga faini. Wiki iliyofuata akarudi na uzito kamili, na iliyofuata, na siku moja akapanda mizani akiwa mtupu kabisa, bila hata ubao mmoja, akasema anataka kuhakikisha. Nina miaka arobaini na minne na nilikuwa nimeshamaliza mambo hayo, lakini ndiyo hivyo.

Ndiyo sababu ya nyasi. Nataka Baba anishike mkono getini, tutembee pamoja hadi kibarazani, niketi. Sitaki kitu kingine. Mama angekuwepo ningetaka mengi, hayupo, nataka hilo moja. Na juu ya zile kokoto nilijua sisi wawili tungeanguka, mimi kwa viatu na yeye kwa umri. Nilikuwa namfikiria umri tu.

Gauni ni juu yako. Liwe pana chini, la kumwagika, nataka kutembea kwa uhuru wangu. Kiuno changu ni sabini na nane.

Dada yako


Nyumbani, 10 Juni

Dada yangu,

Kwanza hongera. Nilimwambia wifi yako, akapiga kigelegele ndani ya stoo akiwa amejifunika unga uso mzima, kisha akasema sufuria amekusamehe. Huyo shemeji anayepanda mizani akiwa mtupu namheshimu kabla sijamwona. Kiuno sabini na nane nimekipokea na nimekiweka mahali panapostahili.

Sasa Baba.

Nilijua tangu mwaka jana kabla ya mtu yeyote, hata yeye. Sikujua kwa macho, nilijua kwa mapindo. Mtu anayenyanyua miguu, suruali yake inalika pindo kwa nyuma, kisiginoni. Baba alianza kuniletea suruali zimelika kwa mbele, kwenye vidole, mguu wa kulia zaidi. Nikashona, sikusema. Baada ya mwezi akaleta tena zilezile. Nikaweka kitambaa kigumu kwa ndani, na pindo nikalipandisha nusu sentimita. Naye hakusema. Tumeendelea hivyo mwaka mzima, yeye ananiletea mapindo, mimi nashona, tunazungumza habari za mpira.

Mwezi wa pili nilimpeleka kwa daktari nikimdanganya kwamba mimi ndiye mgonjwa. Daktari akamwambia atembee kutoka dirishani hadi mlangoni. Ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, wa polepole. Hauponi, ila kuna vidonge, na kuna mazoezi ya kila asubuhi anayoyafanya akiyatukana. Akaniapisha nisikuambie. Alisema, "Yule akijua ataacha kazi aje kunitazama nikila uji. Acha apime malori." Ndiyo maana nikakuandikia ile barua fupi. Nilikuwa najua kwamba nikiongeza mstari mmoja nitasema yote.

Uwanja nimeupima. Nilisubiri aende kwa kinyozi, nikatambaa na tepu ya viuno kutoka getini hadi kibarazani, sentimita mia na hamsini baada ya mia na hamsini. Jirani akachungulia ukutani akauliza nimepoteza nini. Nikasema sindano. Akaja kunisaidia kuitafuta, mtu mwema yule, tukatambaa sote wawili mpaka mwisho. Ni ishirini kamili. Upana kumi na sita. Alama yako ya waya ina haki.

Kwa hiyo tipa saba zinatosha. Suruali ishirini na moja za udongo, tano za watu wa kusambaza, nane za nyasi, jumla thelathini na nne. Lakini Baba ameagiza kumi na saba mbele za watu, na kwa mkono wake. Nikimwambia ni saba, lazima nimwambie kwa nini. Sijui nifanye nini, Dada. Nimeshona vitu vigumu maishani lakini hili sioni pa kuanzia.

Mdogo wako


Kituo cha Mizani, 27 Juni

Mdogo wangu,

Salamu kwenu nyote, na asante kwa urefu.

Nililia kwenye kibanda cha mizani. Dereva aliyekuwa juu ya mizani akadhani nalia kwa sababu ya uzito wake, akakubali faini bila kubishana, akaniachia na ndizi. Kisha nikakukasirikia, kisha nikaona mimi ningefanya hivyohivyo, na vibaya zaidi, kwa kuwa sijui hata kushona.

Sikiliza. Pesa za tipa saba ziko ndani ya bahasha hii, amezibeba huyo huyo wa mbao, mkaribishe chai na usimtanie sana. Mwambie Baba hivi: yeye alipima sawa, ila wewe ulizidisha vibaya. Umeandika kumi na saba badala ya saba kwa sababu darasani ulikuwa unatazama dirishani. Hataangalia hesabu, hajawahi kuipenda karatasi. Atafurahi. Atasema alijua siku zote kwamba huna kichwa.

Najua nakutwisha mzigo. Mimi niko mbali na hakuna atakayenicheka. Lakini sitaki tujadili miguu yake mbele ya mwenye tipa.

Gauni pana, usisahau. Kiuno labda themanini.

Dada yako


Nyumbani, 30 Agosti

Dada yangu,

Sote hatujambo, na nyasi pia hazijambo. Zimeshika. Wifi yako anazimwagilia kila asubuhi na ameshamtukana mbuzi wa jirani kwa majina ambayo sikujua anayajua. Shemeji alikunywa chai vikombe vinne, akatazama mlango wetu, akasema mbao hizo ni mbovu, na juzi kaleta nyingine. Nimemtania kidogo tu. Nimemwuliza amepita mizani?

Sasa keti.

Tipa saba zilikuja wiki ya pili ya Julai. Udongo mweusi, mzuri, nilichota kwa mkono nikaufinya ukashikana bila kutoa maji. Wale watu wanne wakaumwaga, wakausambaza kwa reki kuanzia ukutani kuja getini. Kabla ya jua kutua uwanja ulikuwa umefunikwa wote, inchi sita kila mahali, nilichoma rula sehemu ishirini. Baba alikuwa kibarazani na fimbo ambayo anasema ni ya kufukuzia mbuzi. Akauliza, "Na zile kumi nyingine?" Nikasema kama ulivyonifundisha, nimezidisha vibaya. Akautazama udongo kutoka ukutani hadi getini. Kisha akacheka mpaka akakohoa.

Ulisema atafurahi. Alifurahi mno. Kesho yake kinyozi alijua, keshokutwa muuza mkaa. Fundi nguo asiyejua saba na kumi na saba. Watu wakaanza kupita dukani kunisalimu, "Fundi, nataka suruali moja, usinishonee kumi na moja." Nikacheka nao. Wiki ya pili mtu akachukua kitambaa chake cha suti akasema atakirudisha baadaye. Wiki ya tatu wakachukua wawili zaidi. Fundi nguo ana kitu kimoja tu cha kuuza, Dada, nacho ni kwamba watu wanaamini akisema tisini ni tisini. Sikukuandikia kwa sababu ulikuwa na harusi ya kufikiria. Nilikuwa naogopa, nakuambia sasa. Nilikuwa nakaa mbele ya cherehani nashona mapindo ya mashuka yetu wenyewe ili nionekane nina kazi.

Jumanne iliyopita akaja mwalimu mkuu. Sare za muhula mpya, mia na sitini safari hii, karatasi za vipimo vyote nilikuwa nazo mimi. Alisimama mlangoni, mtu mpole, akasema wazazi wana wasiwasi, akaomba karatasi zake azipeleke kwa fundi mwingine. Nikaanza kuzikusanya. Nikampa za kwanza.

Baba alikuwa nje, kwenye benchi. Nilisikia fimbo kwanza, kisha buti. Kutoka benchini hadi mezani kwangu ni mita tatu, na alizitembea zote tukimsubiri, mwalimu akiwa ameshika karatasi hewani.

"Mwalimu, rudisha hizo," akasema. "Huyu hakukosea kupima. Aliyepima ni mimi."

Mwalimu akasema, "Lakini Mzee, wewe mwenyewe ulituambia..."

"Niliwaambia uongo. Nimezoea kuwa sahihi, nikaona nijaribu upande mwingine." Kisha akanigeukia. "Tandika tepu chini."

Nikamwambia si lazima. Akasema tandika. Nikaitandika sakafuni, nikaongeza ya pili mbele yake. Baba akaweka kisigino kwenye sifuri, akatembea hatua mbili, akasimama. Nikapiga magoti nikasoma. Sitini na nne, na mia na ishirini na nane.

"Soma kwa sauti," akasema. Nikasoma. Mwalimu akavua miwani akaanza kuifuta, na haikuwa na kitu.

"Mimi nilidhani ni sitini na saba hivi," akasema Baba. "Kumbe mambo yameharibika." Akaketi kwenye kiti cha wateja. Nikamwuliza tangu lini anajua. Akasema, "Tangu tipa ya saba ilipomwagwa. Nimejenga barabara miaka thelathini na mmoja, nisijue tipa saba zinajaza nini? Nilisubiri uniambie. Hukuniambia. Nikasema ngoja nimwaibishe mpaka aseme ukweli kwa hasira. Hukusema. Una kichwa kigumu kama mama yako."

Mwalimu akaziacha karatasi mezani, akaongeza oda ya sare ishirini, akaondoka bila kuaga vizuri. Baba na mimi tukabaki. Nikamwambia nimekuwa nikiyashona yale mapindo mwaka mzima. Akasema anajua, na kwamba mshono wa mguu wa kulia haukuwa mzuri sana. Nililia, Dada, mbele ya cherehani, mtu mzima. Akanipiga fimbo kidogo begani, akasema vitambaa vya watu vitalowa.

Kile kitabu changu cha vipimo unakijua, kila mtu ana ukurasa wake, bega, kifua, kiuno, urefu wa mguu. Kwenye ukurasa wa Baba nimeongeza mstari wa chini ambao hakuna mteja mwingine anao. Hatua, sitini na nne.

Sasa anafanya mazoezi kwenye nyasi zako kila asubuhi, amemshika wifi yako mkono, kutoka getini hadi kibarazani. Thelathini na moja. Anahesabu kwa sauti, jirani naye ameanza kuhesabu kutoka upande wa pili wa ukuta. Kinachomsumbua ni wewe. Anasema unatembea kama mtu anayekimbilia basi, kwamba siku hiyo, na watu wote wale na viatu vipya, utasahau, utamvuta, naye hatakuambia upunguze mwendo. Anasema afadhali aanguke kuliko kukuambia.

Ndiyo maana gauni lako silo uliloagiza. Nisamehe. Kiuno nimeweka themanini na sita, tusidanganyane, mimi nakujua na kitambaa kinakujua. Juu ni kama ulivyotaka, na chini linaonekana la kumwagika, atakayeliona hataona kitu. Lakini kwa ndani nimeweka bitana nyembamba, nikaibana magotini, nikamvalisha wifi yako nikamtembeza juu ya tepu mara tisa, nikibana na kulegeza mpaka ikakaa sawa. Ukiwa ndani yake huwezi kupiga hatua inayozidi sentimita sitini na nne.

Baba hajui. Wewe tembea tu, litakupeleka.

Mdogo wako, fundi